Jozi Saba za Miguu

Tunduma, 11 Januari 2025

Wifi yangu mpendwa Tupokigwe,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na mama hajambo, na goti lake limetulia baada ya pirika za Krismasi. Huku tunaendelea vizuri. Kaka yako Yesaya ana mafua ya vumbi, maana foleni ya malori ya kwenda Zambia imefika hadi mbele ya studio yangu. Watu wanakuja kupiga picha za pasipoti, wananikuta nashindana naye kupiga chafya.

Ndani ya bahasha kuna memori kadi, nimeifunga kwenye karatasi ya sigara. Nikikutumia kwa simu, picha zinabanwa na miguu ya wadudu inageuka ukungu. Kwa hiyo nimempa Osward dereva, na kwa kuwa kadi inasafiri, nimeona barua nayo isafiri.

Ni picha za siku ile ya tarehe 26, mlipokuwa kanisani na mimi nimebaki kuangalia nyama. Nililigeuza lile gogo lililooza nyuma ya jiko la mama. Nilitegemea kuwakuta isopodi wetu wa kawaida, wale wa kijivu wenye magamba kama kakakuona. Walikuwepo. Lakini chini zaidi, palipo na unyevu, nilikuta wengine wadogo sana, hata punje ya ulezi ni kubwa kwao. Weupe kabisa. Nilimnyanyua mmoja kwa unyoya wa kuku, nikamweka juu ya kipande nilichokata kwenye kona ya kadibodi yangu ya bluu, ile ninayoitumia nyuma ya wateja, nikabana lenzi ndogo kwenye simu. Nimepiga picha sitini na tatu. Nimetafuta macho yake sikuyaona.

Wifi, huyu ni nani? Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba hawa si wadudu hasa, ni ndugu wa kaa na kamba waliohamia nchi kavu. Miaka minne iliyopita nilidhani umechanganyikiwa, unaacha chai inapoa unageuza mawe. Sasa mimi mwenyewe siwezi kupita kwenye jiwe. Sijaziweka kwenye kundi la watambuzi wa viumbe mtandaoni. Nimesema nisubiri neno lako kwanza.

Msalimie mama. Mwambie kitenge chake kipo, nitamletea Pasaka.

Wifi yako,
Fides


Isongole, 20 Januari 2025

Wifi Fides,

Marahaba. Barua na kadi nimevipata, Osward alivileta hadi shuleni. Mama hajambo, goti linamsumbua asubuhi tu. Mimi mzima, ila kidato cha pili wamerudi likizo wamesahau hata seli ni nini.

Nimeangalia picha zako kwenye kompyuta ya ofisi. Ni nzuri kama kawaida yako, mwanga umekaa vizuri. Lakini picha nzuri si utambuzi, wifi. Huyo uliyempiga ni mtoto wa yule yule wa kijivu. Isopodi jike hubeba watoto tumboni kwenye mfuko wa maji, na wakitoka huwa weupe, na miguu yao huwa jozi sita badala ya saba. Ukihesabu vizuri utaona ni sita.

Ushauri wangu, usiziweke kwenye kundi. Najua siku hizi wanakusifia sana mle, lakini wapo wataalamu, na mtu akileta mtoto mchanga akidhani ni kitu kipya, wanacheka kimya kimya. Sipendi wakucheke. Zifute tu, zinakula nafasi ya wateja wako.

Kadi nitakaa nayo kidogo, nina picha za kuwaonyesha wanafunzi.

Msalimie Yesaya. Mwambie anywe tangawizi.

Wifi yako,
Tupokigwe


Tunduma, 3 Februari 2025

Wifi Tupokigwe,

Shikamoo. Habari za siku nyingi? Mama je? Yesaya amepona, na tangawizi yako anaisifia kama vile aliyeichemsha si mimi.

Nakushukuru kwa kunizuia. Niliona aibu kidogo, lakini heri aibu ya kwenye barua. Nilihesabu tena miguu ikawa saba upande mmoja na saba upande wa pili. Nikahesabu tena, saba. Basi nikajua kuna kivuli ninachokihesabu, maana wewe umesomea na mimi nimesomea kuwaambia watu "inua kidevu." Nimezifuta kwenye simu kama ulivyosema.

Kuna jambo lingine. Yule Dakta Gwalugano wa kwenye kundi, mtafiti wa isopodi, aliniandikia faragha. Anataka picha kutoka mkoa wetu kwa sababu hakuna anayezipiga. Nikamjibu kwamba mimi ni mpiga picha tu, anayejua ni wifi yangu, mwalimu wa baiolojia kule Ileje. Nimempa anwani yako ya barua pepe. Sijakosea?

Nitakuambia kitu usinicheke. Tangu niolewe humu ndani, kila ninachouliza, Yesaya ananijibu, "Muulize dada." Dada anajua mbegu, dada anajua dawa ya kuku, dada anajua sheria ya kiwanja. Kuna wakati nilikuwa nakuonea wivu sana. Hawa isopodi ndio walioniondolea. Nilipata kitu cha kukuletea wewe, na wewe ukakipokea.

Pasaka tunakuja. Nataka kukaa siku nne.

Wifi yako akupendaye,
Fides


Isongole, 7 Aprili 2025

Wifi Fides,

Marahaba, na samahani kwa ukimya. Mvua, mitihani, na mama alikuwa na homa siku tatu, sasa amepona.

Kuhusu Pasaka, nadhani msije. Barabara ya kupanda huku kwetu imeharibika, na chumba chenu kinavuja. Mama ataelewa. Yule Dakta aliniandikia mambo ya jumla tu, hakuna la maana.

Nyuma ya jiko pia pamebomolewa, tunataka kujenga banda la kuku.

Salamu kwa Yesaya.

Tupokigwe


Tunduma, 5 Mei 2025

Tupokigwe,

Mama hajambo, nilimpigia simu asubuhi. Kwa hiyo sina haja ya kuuliza.

Sikupigii wewe kwa sababu nitapaza sauti na wateja wamekaa kwenye benchi. Naandika.

Jana usiku Dakta Gwalugano ameweka taarifa kwenye kundi. Isopodi mdogo, mweupe, asiye na macho, kutoka milima ya Ileje. Anasema hajamkuta kwenye vitabu vyote alivyonavyo, huenda ni wa aina isiyo na jina bado. Ameandika: "Amegunduliwa na kupigwa picha na Mwalimu Tupokigwe wa Isongole." Watu zaidi ya mia mbili wamekupongeza. Na mimi nilianza kuandika pongezi, Mungu ni shahidi. Niliandika "Hongera wifi ya—" halafu nikaikuza picha.

Chini ya yule isopodi kuna kadibodi ya bluu.

Kwenu hakuna kadibodi ya bluu. Ipo moja, ipo hapa ukutani nyuma ya kiti cha wateja, na kona yake nimeikata mwenyewe kwa mkasi. Unyoya wa kuku unaonekana pembeni.

Uliniambia ni mtoto mchanga. Uliniambia nihesabu sita. Nilihesabu saba mara mbili, nikayakana macho yangu kwa sababu niliyaamini yako. Uliniambia nizifute, nikafuta. Nimekosa nini kwako? Ungeniambia, "Fides, niachie hiki, nakihitaji," ningekupa na soda juu.

Yesaya ananiuliza kwa nini sili. Nimemwambia jino. Sitamwambia yeye wala mama, si kwa ajili yako, ni kwa ajili ya mama.

Fides


Isongole, 12 Mei 2025

Wifi Fides,

Najua huwezi kupokea salamu kutoka kwangu. Naziandika hata hivyo, hujambo?

Nitakueleza jinsi ilivyokuwa, na sitajitetea.

Siku kadi ilipofika nilibaki ofisini peke yangu baada ya vipindi. Picha ya kwanza tu nilijua. Nikahesabu miguu, jozi saba. Nikahesabu mara tatu, nikiomba iwe sita. Halafu nikafika picha ya arobaini na moja, huyo mmoja amegeuka ubavu na tumboni ana mayai. Mtoto hawezi kuwa na mayai, wifi. Alikuwa mtu mzima, mdogo kuliko wote niliowahi kuwaona, na alikuwa nyuma ya jiko letu. Nimeishi nyumba hii miaka kumi na moja tangu nirudi. Nimemwaga maji ya vyombo juu ya lile gogo kila siku. Wewe umekuja siku nne, umeachwa uangalie nyama, ukamkuta.

Unajua nimeweka picha ngapi kwenye lile kundi? Mia mbili na kumi na mbili. Kwa simu yangu hii. Majibu yalikuwa yale yale: "Picha haionekani vizuri." Wewe ya kwanza tu, yule wa kijivu kwenye tofali, ulipata maoni arobaini. Nilikuandikia hongera, kisha nikaizima simu.

Na Krismasi. Mama hajawahi kuniuliza hata siku moja ninatafuta nini kwenye mawe. Lakini ulipotoa simu yako kumwonyesha picha za wale wa kijivu alisema, "Hebu leteni miwani yangu." Akavaa miwani, wifi. Akakaa karibu nawe nusu saa, akisema, "Kumbe wana ndevu! Tupokigwe, njoo uone wana ndevu!" Ananiita mimi nije nione! Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la wali. Nilitamani simu ile itumbukie kwenye mchuzi.

Basi nilikuandikia ule uongo. Nilidhani nitautoa baadaye kama mzaha. Halafu ukanijibu kwamba umefuta, na kwamba umemwambia Dakta mimi ndiye ninayejua. Dakta akaniandikia siku hiyo hiyo, kwa heshima, "Mwalimu." Hakuna mtu wa chuo kikuu aliyewahi kuniita hivyo. Alitaka isopodi wenyewe, waliohifadhiwa ndani ya spiriti, si picha tu. Nikalichimba gogo lote. Nikapata tisa. Na kwa kuwa niliogopa utakuja Pasaka utafute tena, nililipasua gogo lililobaki nikalichoma moto. Mama alitoka jikoni akaniuliza, "Gogo la marehemu baba yako limekukosea nini?" Nikamwambia lina siafu.

Sasa sikia mwisho wake. Wote tisa ni majike. Dakta anasema isopodi wa namna hii hawezi kupewa jina bila dume, kwa sababu kinachowatofautisha ni viungo vya dume vilivyo chini ya mkia. Madume walikuwa kwenye gogo. Mimi ndiye niliyewachoma.

Juzi usiku nimemwandikia Dakta ukweli wote, na nimeandika kwenye kundi pia, nenda ukaangalie. Nimesema aliyemkuta ni Fides, aliyepiga picha ni Fides, na mimi nilidanganya nikijua. Dakta amejibu mstari mmoja, "Nimesikitika kupoteza imani." Watu wa kundi wamesema mengi, yote ni haki yao.

Sikuombi unijibu.

Tupokigwe


Isongole, 29 Juni 2025

Wifi Fides,

Hujambo? Yesaya hajambo? Osward anasema amekupa barua yangu mkononi.

Mama anauliza kwa nini sauti yako kwenye simu imepungua. Leo nimemwambia. Nilidhani atanipiga. Aliendelea kuchambua maharage, kisha akasema, "Kwa hiyo ni mimi na miwani yangu." Nikamwambia hapana, ni mimi. Jioni alikula peke yake jikoni.

Kila Jumamosi nashuka bondeni na kijiko na kopo, nageuza magogo ya watu kwa ruhusa. Nimewakuta wa kijivu, nimewakuta jongoo, nimekuta nge mmoja. Mweupe hata mmoja sijamwona. Naogopa nimewamaliza.

Kuanzia tarehe 14 hadi 25 Julai nitakuwa Vwawa, nimeitwa kusahihisha mitihani ya majaribio. Nakuambia ili ujue siku ambazo hutanikuta hapa, ukitaka kumwona mama.

Tupokigwe


Tunduma, 30 Agosti 2025

Tupokigwe,

Hujambo. Sisi hatujambo.

Nilikuja. Mama atakuwa amekwambia, au amekaa nalo. Nilifika tarehe 17 Julai na kurudi tarehe 21. Nilipofika nilikwenda moja kwa moja nyuma ya jiko, na nilipoona majivu yaliyoshikana na udongo nilikaa chini nikalia kama mtoto. Mama akatoka. Hakusema pole. Alisema, "Inuka. Gogo lile baba yenu alilikokota kutoka kwenye migomba ya mtoni, kwa marehemu bibi yake Jairo. Kama vidudu vilikuja nalo, kwao ni kule."

Tukaenda. Mama na goti lake, anateremka bondeni ameshika bega langu. Jairo, mwenye shamba lile sasa, alituonyesha mahali ambapo shina la zamani lilikatwa. Siku ya kwanza sikupata kitu. Siku ya pili sikupata kitu. Siku ya tatu mama, si mimi, aligeuza jiwe kwa fimbo yake akasema, "Hawa hapa watu wako, hata ndevu wanazo." Walikuwa wengi, wifi. Nilipiga haraka haraka, picha kumi za kwanza zote zikaharibika. Mama akachungulia simu, akawa kama wale wa kundi waliokuwa wanakujibu wewe. Alisema, "Picha haionekani vizuri," na nilicheka kwa mara ya kwanza tangu Mei.

Nilichukua sita tu. Dakta amepata madume wawili. Wiki iliyopita amenipigia. Ni wa aina mpya, hana shaka, ingawa kuandika na kuchapisha kutachukua mwaka au zaidi. Anataka kumpa jina langu. Aliniuliza kama naridhia.

Nimeridhia. Nilifikiri nikatae, niseme apewe jina la mama au la kijiji, ili nionekane mtu mwema. Halafu nikajiuliza, kwa nini? Nimemkuta mimi. Ninalitaka. Nilitaka ulijue kutoka kwangu kabla hujalisoma mahali.

Sasa jambo la kazi. Dakta anasema pale mahali ni padogo, kama kitanda cha watu wawili, na hajui kama wako kwingine. Anahitaji mtu wa kuwahesabu kila mwezi kwa mwaka mzima, bila kuwachukua. Wangapi, wenye mayai wangapi, udongo una unyevu kiasi gani. Alinitajia mwalimu mwenzako Lusajo. Nilikuwa nishakubali, nikakata simu, nikakaa. Lusajo hawezi kutofautisha isopodi na tandu. Hapa mkoani anayeweza kuhesabu miguu ya kitu kidogo kuliko ulezi ni mmoja, na huyo mmoja aliwahi kunidanganya hesabu hiyo hiyo.

Nimempigia Dakta tena nikamwambia uwe wewe. Akasema, "Wewe unamwamini?" Nikamjibu, "Hapana. Lakini nitakuwa nakuja kuhakikisha."

Sijakusamehe. Ikifika siku nitakuambia, usiniulize. Kama unakubali kazi, anza Septemba, na hesabu ziletwe kwangu kwanza, mimi ndiye nitakayempelekea.

Fides


Isongole, 28 Septemba 2025

Wifi Fides,

Hujambo? Yesaya hajambo? Mama hajambo, anasema mwezi ujao ukija ulete lenzi ya akiba, anataka yake.

Nimekubali kazi. Nitakuambia pia kitu kingine kwa kuwa tumeshafika huku. Niliposoma kwamba ataitwa kwa jina lako, niliiweka barua chini ya godoro siku mbili. Wivu haujaniisha, Fides. Upo, nimeuzoea kama mtu anavyozoea meno yake mabovu. Asubuhi ya tatu niliamka nikachukua kijiko nikashuka mtoni.

Nimefanya kama Dakta alivyoelekeza, Jumamosi ya jana, saa mbili hadi saa tano asubuhi, Jairo ameshuhudia. Udongo juu umekauka, chini ya mawe una unyevu. Nimegeuza mawe kumi na manne na kuyarudisha yote yalivyokuwa.

Wakubwa: 38. Wenye mayai: 11. Watoto, wa jozi sita kweli kweli: 20 au 21, mmoja aliingia kwenye ufa kabla sijamaliza kumhesabu miguu, kwa hiyo naandika 20.

Waliokufa: 1. Alikuwa jike mwenye mayai. Nilipiga magoti juu yake bila kumwona, nilipoinuka nikamkuta kwenye sketi. Jairo alikuwa amegeuka upande wa pili, hakuona. Kwa hiyo wakubwa walio hai ni 37 na wenye mayai ni 10, na aliyemuua ni mimi.

Wifi yako,
Tupokigwe